Kabla Hujaanika: Mwongozo Kamili wa Kusoma Utabiri, Mawingu na Mvua Unguja na Pemba

Redio asubuhi imesema "mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua". Konde, kaskazini mwa Pemba, mvua imepiga mpaka mitaro imefurika. Mkoani, kusini mwa kisiwa hichohicho, watu wameshinda na jua kali. Jioni, barazani, wa Konde anasema utabiri ulikuwa kweli, wa Mkoani anasema wanabahatisha. Ukweli ni kwamba taarifa ilikuwa sahihi kwa wote wawili. Maeneo machache ndiyo hayo: kuna watakaopata, na walio wengi hawatapata. Kilichobaki ni kazi ambayo mtabiri hawezi kuifanya kwa niaba yako, nayo ni kuishusha taarifa ya kisiwa kizima hadi kwenye uwanja wako mwenyewe.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo. Inaniuma kila msimu kuona karafuu zilizochumwa kwa taabu, zikachambuliwa usiku mzima na watoto na mabibi, zinateremka daraja kwa mvua ya dakika kumi iliyokuwa inaonekana ikija nusu saa kabla. Mvua hatuwezi kuizuia. Kuiona mapema tunaweza, na haihitaji chombo cha gharama.

Anza na upepo

Watu wengi hutazama wingu kwanza. Mimi nakushauri uanze na upepo, kwa sababu wingu lilelile lina maana moja Januari na maana nyingine Julai.

Visiwa vyetu viko takriban kati ya nyuzi 5 na 6 na nusu kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na nyuma yake hufuata kile ambacho watabiri wanakiita ukanda mvua: pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana hapo, hewa ikakosa pa kwenda ila juu. Ukanda ukipita kuelekea kaskazini tunapata masika, Machi hadi Mei. Ukirudi kusini tunapata vuli, Oktoba hadi Disemba. Katikati ya safari hizo mbili ndipo zinapokaa pepo zetu kubwa, kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi kuanzia Mei au Juni mpaka Septemba.

Kusi hutoka bahari kuu, kwa hiyo ina unyevu mwingi. Lakini juu yake huwa kuna tabaka la hewa kavu linalofanya kazi ya kifuniko, na mawingu hayapati nafasi ya kupanda. Ndiyo maana mvua za kipupwe ni za kupita: zinamwaga dakika chache, zinakata, jua linatoka. Kaskazi nayo huja imepita kwenye nchi kavu za Arabuni na Somalia, hivyo huleta anga safi na joto la kiangazi. Hatari ya mvua kubwa iko pale pepo zote mbili zinapolegea, Aprili hasa, na Novemba. Hewa husimama, fukuto linapanda, na wingu hukua palepale juu ya kichwa chako bila kutangulia kuonekana kwa mbali.

Wazee wa Makunduchi, wanaoufungua mwaka kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, walirithi hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa miongo hiyo watu walipanga kupanda, kuvua na kusafiri. Naiheshimu hesabu hiyo na ningependa vijana waijue. Ila tuitumie kwa kazi yake. Mwongo unakwambia kwa kawaida wakati huu huwa vipi. Haukwambii mwaka huu masika yamechelewa wiki tatu.

Kwa vitendo, fanya hivi. Toka nje saa moja asubuhi, tena saa nane mchana, simama mahali pa wazi, geuza uso mpaka usikie upepo unakupiga masikio yote mawili sawasawa. Unapotazama ndiko unakotoka, na ndiko mvua yako itakakotoka pia. Mara mbili kwa siku ni muhimu kwa sababu usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari na hewa hutelemka kuelekea majini, kisha mchana mambo hugeuka, upepo wa bahari ukaingia. Ukipima asubuhi tu, utapima upepo wa kiambo chako, si upepo wa msimu.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni vinatupotosha. Vinafundisha kwamba wekundu wa mbingu jioni ni dalili ya kesho njema. Kule Ulaya hali ya hewa hutembea kutoka magharibi, kwa hiyo machweo safi yana habari. Kwetu hutoka kusini-mashariki au kaskazini-mashariki. Machweo mekundu yanakuonyesha hewa iliyokwisha kukupita.

Soma taarifa neno kwa neno

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa kila siku, na Unguja na Pemba zimo. Huupata kwenye tovuti yao ya meteo.go.tz, kurasa zao za mitandao ya kijamii, redio na televisheni. Lugha yake ni fupi na ina mpangilio uleule kila siku, na kila neno limewekwa kwa makusudi. Chukua taarifa ya namna hii: "Hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Upepo wa pwani kutoka kusini-mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Hali ya bahari: mawimbi madogo hadi makubwa kiasi. Matazamio: mabadiliko kidogo."

Ngazi ya eneo huanza na "maeneo machache", ikapanda hadi "baadhi ya maeneo", kisha "maeneo mengi". Ukisikia machache, anika lakini usiondoke nyumbani. Ukisikia baadhi, anika nusu, au anika pale tu ambapo una mikono ya kukusaidia kuanua. Ukisikia mengi, weka ndani. Neno "ngurumo" likiongezwa, jua kwamba wanategemea mawingu marefu, na mawingu marefu huja na mpigo wa upepo na mvua nzito ya muda mfupi.

"Vipindi vya jua" wengi hulipuuza, nami naliona ni neno la thamani kwa anayekausha kitu. Likikosekana, hata kama mvua haikutajwa, karafuu hazitakauka siku hiyo na dagaa waliochemshwa wataanza kunuka.

"Mabadiliko kidogo" maana yake kesho itafanana na leo. Kwa hiyo ilivyokuwa leo kwako, kwa saa na kwa upande, ni kielelezo kizuri cha kesho. Kama jana na leo rasharasha zimepiga Paje alfajiri zikakata saa mbili, pangia hivyo hivyo.

Taarifa za msimu ni jambo jingine. Kabla ya masika na kabla ya vuli, TMA hutangaza mwelekeo wa mvua kwa kanda, na visiwa vyetu huingia kwenye ukanda wa pwani ya kaskazini pamoja na Tanga, Dar es Salaam na Pwani. Maneno ni matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Wastani hapo ni asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya kawaida ya muda mrefu, yaani pana sana. "Wastani" haikuhakikishii kwamba mpunga bondeni hautakaukiwa wiki mbili katikati. Utabiri wa vuli ninauamini zaidi kidogo, kwa sababu vuli hufuata joto la bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hunenepa, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Masika hayana kamba moja ya kuyashika namna hiyo.

Tazama mawingu: urefu dhidi ya upana

Hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, na ikipoa ya kutosha mvuke wake hugeuka matone madogo sana. Pale chini ya wingu palipokatika sawasawa ndipo hewa ilipofikia baridi hiyo. Kwetu, kwa kuwa hewa ni nzito kwa unyevu, kitako hicho mara nyingi kiko chini ya kilomita moja kutoka ardhini. Kitako ukishakijua, kazi iliyobaki ni kutazama kichwa.

Mawingu ya mafungu meupe kama pamba, yaitwayo kumulasi skulini, ndiyo yetu ya kila siku. Linganisha urefu wake na upana wake. Yakiwa mapana kuliko marefu, na yakafika saa sita bila kubadilika, endelea na kazi. Urefu ukishafikia upana, usitoke kwenda mbali. Urefu ukizidi upana mara mbili kabla ya saa saba, wingu hilo lina safari. Anza kukunja pembe za majamvi.

Kisha tazama ukingo wa kichwa. Ukingo wenye mikunjo iliyochongoka, mweupe mkali, unaobadilika ukiutazama dakika mbili, ni wa wingu linaloendelea kukua. Ukingo ukianza kulainika na kufifia, kuna njia mbili. Ama wingu limekufa, kitako chake kinachanika na anga inaonekana katikati. Ama limefika juu sana, zaidi ya kilomita kumi, maji yake yamekuwa barafu, na kichwa kinatandazwa na pepo za juu kuelekea upande mmoja. Hilo la pili ni la radi, na usisubiri uhakika zaidi.

Lakini angalia jambo hili, kwa sababu linawaponza waliosoma jiografia ya nchi za baridi. Huko mvua nyingi huanza kama barafu ndani ya wingu. Kwetu baridi ya kugandisha maji iko juu sana, kiasi cha kilomita nne na nusu hadi tano, na wingu ambalo halijafika hapo linaweza kunyesha vizuri tu. Matone yake hugongana, makubwa yakameza madogo, yakaanguka. Hakuna ngurumo wala kiza cha kutisha. Mvua nyingi za kusi ni za aina hii, wingu la kawaida kabisa, na ghafla rasharasha. Kwa hiyo mtu anayesema "haijanguruma bado" anasubiri dalili ambayo huenda isije.

Masika huja na wingu la tabaka, kijivu lisilo na mwanzo wala mwisho. Hapo urefu huwezi kuuona, basi tazama chini yake. Kitako kikiwa laini na chenye mwanga, kinaweza kukaa hivyo kutwa kwa manyunyu tu. Mavundevunde meusi yakianza kukimbia chini yake kwa kasi, mvua imekaribia au tayari inanyesha jirani.

Mawingu membamba ya juu kabisa, yanayouzungushia mwezi duara, hayana uzito mkubwa kwetu. Mara nyingi ni mabaki ya dhoruba iliyokufa mbali, baharini au bara.

Sasa pazia la mvua lenyewe. Chini ya wingu utaona utando wa kijivu ulioshuka hadi baharini au hadi kwenye minazi, na kilicho nyuma yake hakionekani. Chagua alama isiyotembea: mnara wa simu, mnazi mrefu, ncha ya Rasi ya Mkumbuu ukiwa Wesha. Tazama dakika tano. Pazia likisogea kulia au kushoto kwa alama hiyo, linakupita. Likikaa palepale huku linapanuka, linakuja kwako. Muda ulionao ni hesabu nyepesi: upepo ukiwa kilomita 25 kwa saa, mvua iliyo kilomita tano itakufikia kwa dakika kumi na mbili hivi.

Upande gani wa kisiwa?

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na katika visiwa vyote viwili magharibi hunywa zaidi kuliko mashariki. Wete na msitu wa Ngezi ni ulimwengu mmoja, Micheweni ni mwingine. Masingini na vilima vya magharibi mwa Unguja vina udongo wa kina na mvua ya kutosha. Jambiani na Makunduchi wanaishi juu ya maweni, ardhi ya mawe yenye udongo haba. Mchana, upepo wa bahari ukiingia pande zote mbili za kisiwa, hukutana katikati au upande ule upepo unakoelekea, na hapo ndipo mawingu ya vuli hupendelea kusimama. Mtu wa pwani ya mashariki ataona minara meupe upande wa nchi na yeye hapati tone. Taarifa ikisema "maeneo machache" wakati wa kusi dhaifu au vuli, kisia magharibi na katikati kwanza. Wakati wa kusi kali, rasharasha za alfajiri huanzia pwani ya mashariki.

Dakika za mwisho

Majamvi yametandazwa, karafuu ni siku ya pili, zimeanza kugeuka hudhurungi lakini zikibinywa bado zinapinda badala ya kuvunjika. Joto limekaa. Halafu makuti, yaliyokuwa yamelala upande mmoja tangu saa tatu, yananyamaza. Muda mfupi tu. Kisha upepo wa baridi unapiga kutoka upande wa wingu, vumbi linanyanyuka, majani yanageuza tumbo nje. Hiyo ni hewa iliyoteremshwa na mvua yenyewe, imefika chini ikatawanyika, na inatangulia matone. Una dakika tano, pengine kumi. Kazi si kutazama tena.

Kunja jamvi kuanzia upande wa upepo ili lisipeperuke, kusanya katikati, weka chini ya paa. Usizilundike karafuu mbichi zikalala zimefunikwa turubai usiku kucha. Hupata joto, huchachuka, na rangi hupauka. Zitandaze ndani, tabaka jembamba, hata sakafuni. Mwani vilevile haupendi maji ya mvua, kwani huuondolea chumvi na kuupausha.

Radi ikiwapo, hesabu sekunde toka umeme uonekane mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde thelathini ni kilomita kumi, na hapo tayari mtu aliye juu ya mkarafuu anatakiwa awe chini, na aliye kwenye mtumbwi awe anarudi diko. Ingia kwenye nyumba au gari lililofungwa, mnazi usiukaribie. Baada ya ngurumo ya mwisho, subiri nusu saa.

Anayekwenda baharini asome mistari mingine

Baharini mvua ni ya pili. Cha kwanza ni upepo na mawimbi, na siku mbaya inaweza kuwa ya jua zuri. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali. Tuliopoteza watu, na hakuna familia hapa visiwani isiyomjua aliyepoteza, hatuna haja ya kuelezwa maana ya mstari wa "hali ya bahari".

TMA hutoa angalizo pale upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi kufikia mita 2. Hicho ni kiwango cha bahari ya wazi, na kwa ngarawa au dau dogo hatari huanza chini ya hapo. Unaweza kupima kwa macho ukiwa ufukweni. Povu jeupe likionekana hapa na pale, upepo ni kilomita 12 hadi 19. Likiwa la mara kwa mara, ni 20 hadi 28. Bahari ikiwa imejaa povu na manyunyu ya maji yanaanza kuruka, umeshafika 29 hadi 38, na hapo nahodha wa chombo kidogo asiwe na aibu ya kulala nyumbani. Upime upande ulio wazi kwa upepo. Nyuma ya mwamba wa mashariki maji hutulia, na utulivu huo haukwambii kitu kuhusu mlango wa kutokea bahari ya wazi.

Kwa wanaovuka kati ya Nungwi na Pemba kuna la ziada. Mkondo wa bahari pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo na mkondo huenda pamoja. Wakati wa kaskazi hukabiliana, na mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima, mabaya kuliko kasi ya upepo inavyoonyesha. Kilomita 30 za Januari hapo si sawa na kilomita 30 za Julai.

Na mjini, unganisha mvua na maji ya bahari. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, mitaro inakosa pa kumwagia. Mwenye nyumba maeneo ya chini kama Ziwa Maboga, Sebleni au Mwanakwerekwe atazame kalenda ya mwezi pamoja na utabiri.

Simu yako inajua nini

Programu nyingi za bure hutumia mifumo ya kompyuta inayoigawa dunia kwa viraba vya kilomita 9 hadi 25. Pemba, upana wake kilomita ishirini na kidogo tu, huingia kwenye viraba vichache, na vingine vina bahari zaidi kuliko ardhi. Kwa hiyo Wete na Micheweni zinaweza kupewa jibu moja. Zitumie kwa upepo, ambao zinaujua vizuri, na kwa kuona kama kuna badiliko kubwa siku tatu mbele. Asilimia 40 ya mvua haimaanishi itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala kwa nguvu hiyo. Maana yake siku kumi za namna hiyo, nne zingenyesha mahali pako. Picha ya wingu lenye matone iliyowekwa kwa siku nzima ipuuze, fungua saa kwa saa.

Simu nyingine zina kipimo cha kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu yetu. Kwetu hupanda na kushuka mara mbili kila siku bila sababu yoyote ya mvua, kikifika juu kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini saa kumi alasiri na alfajiri, tofauti ikiwa kiasi cha hektopaskali tatu. Kushuka kwa mchana kusikutishe. Kikiendelea kushuka usiku wakati kinatakiwa kupanda, fuatilia taarifa za TMA mara moja.

Rangi za tahadhari, na vimbunga

Tahadhari za TMA zina ngazi tatu: angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Soma mistari miwili iliyo chini ya rangi, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa unastahili maandalizi kuliko uwezekano mkubwa wa athari ndogo.

Tumezoea kusema vimbunga si vyetu, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta na huko kimbunga hakipati mzunguko wa kutosha. Ni nadra kweli. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu mingi mno, Pemba ikasalimika, na ndipo Pemba ilipoanza kuongoza kwa karafuu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia kabla ya kupungua nguvu, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kipindi cha kuwa macho ni mwisho wa kaskazi hadi katikati ya masika. Jina la kimbunga likitajwa, usikisie kwa macho. Vuta chombo juu, funga mabati, weka maji safi, fuata TMA na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Pima mwenyewe

Utabiri wa kisiwa utaujua thamani yake ukiwa na kumbukumbu ya uwanja wako. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyonyooka ubavuni. Ikate pale inapoanza kujipinda, geuza kipande cha juu kiwe faneli ndani ya cha chini. Kwa kuwa kitako cha chupa hakikunyooka, mimina maji mpaka yafunike mabonde yake, chora mstari, huo ni sifuri. Bandika rula kuanzia hapo. Iweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wake, na uizungushie mawe isianguke.

Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 6 kwa 10 ni lita 1,200, na mwenye tangi ataelewa mara moja kwa nini inafaa kupima.

Kwenye daftari weka tarehe, upepo wa asubuhi na wa mchana, maneno ya utabiri kama yalivyosemwa, saa mvua ilipoanza na kukata, na milimita. Soma chupa kila siku saa tatu asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji. Andika, mwaga, rudisha maji hadi mstari wa sifuri. Ukimaliza masika mazima, tenga siku zote zilizotangazwa "maeneo machache" na uhesabu ni ngapi zilikulowesha wewe. Hiyo ndiyo namba ya kutumia msimu ujao wa karafuu, na jirani yako wa upande wa pili wa bonde atakuwa na namba yake tofauti.